Pawa steringi kwa gari la kitambo si dhambi, dhambi ni kuchomelea shafti

Kuna mashabiki wa magari ya kitambo hapa Nairobi ambao ukiwaambia unataka kuweka pawa steringi kwa Peugeot 504 au Mercedes ya mwaka wa 1978, wanakuangalia kama mtu aliyesema anauza shamba la ukoo. "Gari liachwe orijino," wanasema. "Kama mikono yako ni miepesi, nunua Vitz."

Mimi nasema waachane na hiyo stori. Gari la kitambo likiwekwa pawa steringi vizuri halipotezi heshima yake, linapata dereva. Na gari lisilo na dereva, hata kama kila skrubu ni ya kiwandani, mwisho wake tunaujua sote: linakaa chini ya mti wa avokado shagz, kuku wanataga ndani, halafu siku moja linauzwa kwa kilo kwa watu wa skrapu.

Lakini pia sisi vijana lazima tuambiane ukweli. Tunapenda njia ya mkato. Tunaona video ya dakika mbili, tunanunua nguzo ya usukani ya Vitz, tunampelekea fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea na kumwambia "fanya hivi." Usukani si redio. Redio ikizima barabarani unaimba mwenyewe. Usukani ukiachana na magurudumu ukiteremka Mai Mahiu, hakuna cha kuimba.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: weka, lakini weka kwa utaratibu. Na utaratibu hauanzi na pawa steringi.

Orijino ni gani hasa?

Tuanze na hawa watu wa orijino. Hoja yao inasikika tamu hadi uangalie miaka. Pawa steringi si uvumbuzi wa watoto wa simu. Chrysler waliiuza kwa umma kwenye gari lao la Imperial mwaka wa 1951. Peugeot 504 ilizinduliwa mwaka wa 1968. Yaani pawa steringi ilikuwa sokoni miaka 17 kabla ya Pijo ya kwanza kuonekana, na baadhi ya 504 za bei ya juu zilitoka kiwandani zikiwa nayo. Mercedes za W123, zile tunazoziona bado zikitembea kwa heshima zote mjini, zilipewa pawa steringi kama kitu cha kawaida kuanzia mwaka wa 1982. Kabla ya hapo, kwa modeli za chini, ulikuwa unalipa zaidi ukiitaka.

Umeona? Gari lako halikukosa pawa steringi kwa sababu mhandisi aliamua kwamba usukani mzito ni utamaduni. Mara nyingi lilikosa kwa sababu mnunuzi wa kwanza, au kampuni iliyoliagiza, ilitaka kupunguza bei. Sasa wewe miaka 45 baadaye unalinda uamuzi wa mhasibu na kuuita urithi.

Hoja ya pili huletwa na wazee wa Safari Rally. Joginder Singh alishinda mwaka wa 1965, 1974 na 1976, na 504 ilishinda mwaka wa 1975 na 1978. Wanauliza, kama mashujaa hao walikata matope bila kulia kuhusu usukani, wewe unalialia nini kwenye maegesho ya supamaketi?

Jibu liko hapo hapo kwenye swali. Maegesho ndiyo tatizo. Usukani wa kawaida huwa mzito zaidi gari likiwa limesimama, kwa sababu tairi inasuguliwa pale pale ilipo badala ya kubingirika. Gari likishaanza kutembea, uzito unapungua sana, na kwa kasi ya barabara kuu unaweza kuusahau. Dereva wa rally yuko mbioni. Sisi tuko kwenye jam ya Mombasa Road, tunasogea mita mbili, tunasimama, tunajipenyeza, halafu tunaingia maegesho ya chini ya jengo ambayo yalichorwa na mtu aliyedhani Kenya nzima inaendesha magari madogo. Hizi ni kazi mbili tofauti.

Hoja ya tatu haisemwi wazi, lakini ipo: kwamba usukani mzito ni kipimo cha uanaume. Hapo ndipo huwa nashikwa na hasira kidogo.

Guka wangu ana 504 pikapu. Zile zilizounganishwa Mombasa, zilizobeba kila kitu kutoka maziwa hadi maiti. Bega lake la kulia lilipoanza kumsumbua, aliacha kuiendesha. Nyumbani aliyekuwa na leseni ni mathe peke yake, na mathe alikuwa amejaribu mara moja kuigeuza pale sokoni, akaapa hatarudia. Familia ikakaa kikao. Anko mmoja akasema wazi kwamba hiyo gari ni ya wanaume, na kwa kuwa wanaume wote wako mjini, iuzwe. Hakuna aliyeuliza kama usukani unaweza kupunguzwa uzito. Ilikuwa rahisi zaidi kwao kuuza gari kuliko kufikiria mwanamke wa miaka 52 akiliendesha.

Ndiyo maana suala hili kwangu si la mapambo. Ni la nani anaruhusiwa kushika usukani. Mama, mzee mwenye baridi yabisi, msee aliyevunjika mkono akapona nusu. Magari yaliyozidi miaka 8 hayaruhusiwi kuingizwa Kenya kwa kawaida, kwa hivyo hizi 504, hizi Datsun na Corolla za zamani zilizobaki ndizo tulizonazo. Kila moja inayouzwa kwa kilo hairudi.

Kwanza jua kwa nini ni nzito

Sasa tuingie chini ya gari, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure.

Gari lako likiwa zito kuliko lilivyokuwa, pawa steringi si dawa. Ni panadol. Kabla hujanunua chochote, angalia pumzi ya tairi. Tairi yenye pumzi kidogo inalalia barabara na kuongeza msuguano. Angalia tairodi endi na boljointi kama zimekauka au zimeliwa. Kama gari lako lina kingpini, ziliwekwa grisi lini? Kama lina steringi boksi badala ya reki, kuna oili ndani? Boksi nyingi za kitambo zimekaa miaka bila tone, chuma kinasaga chuma. Kisha peleka gari likafanyiwe alaimenti na mtu anayeijua, si mtu anayegeuza nati mbili na kukupa risiti.

Pijo ya guka ilipofika gereji, fundi hakuigusa nguzo ya usukani siku hiyo. Alitoa tairodi endi mbili zilizokuwa zimekwama kama zimechomelewa, akabadilisha bushi, akaweka tairi za saizi ya gari hilo na pumzi sawa. Guka alipoijaribu kwenye uwanja akacheka. "Niliambiwa ni uzee wa bega," akasema, "kumbe ni uzee wa tairodi."

Halafu kuna makosa yetu sisi vijana. Volkswagen Beetle ilitoka kiwandani na tairi za upana wa milimita 155 au 165. Injini iko nyuma, pua ni nyepesi, na haikuhitaji pawa steringi maisha yake yote. Msee anainunua, anaweka rimu pana na tairi za 205, anatoa ule usukani mkubwa na kuweka kadogo ka michezo, halafu analalamika mkono unauma. Buda, usukani mkubwa ulikuwepo kwa sababu. Ni kama mpini wa jembe: ukiufupisha, unalima kwa nguvu zaidi. Rudisha usukani mkubwa na tairi za saizi yake kabla hujatafuta msaada wa umeme. Datsun 1200 yenye uzito wa karibu kilo 700 ni hivyo hivyo. Kwa magari haya madogo, mara nyingi ukirekebisha msingi unagundua kwamba pawa steringi haihitajiki.

Ukishafanya hayo yote na gari bado ni zito kwa yule anayehitaji kuliendesha, sasa tuongee.

Ya oili au ya umeme?

Njia ya kwanza, na ambayo ningeichagua kila inapowezekana, ni kutumia vifaa vya kiwandani vya gari lile lile. Mwenye W123 isiyo na pawa steringi ana bahati, kwa sababu ndugu zake waliokuja nayo ni wengi. Unatafuta boksi, pampu, mkono wake wa kushikia kwenye injini, puli na hosi kutoka gari moja lililovunjwa. Kila kitu kinakaa mahali palipoandaliwa. Hukati, huchomelei. Kazi yake ni kubwa na mikono itajaa oili, lakini hakuna anayebahatisha.

Mfumo huu wa oili hufanya kazi hivi. Injini inazungusha pampu kwa mkanda. Pampu inasukuma oili kwa presha kubwa hadi kwenye boksi au reki. Ndani kuna kijiti cha chuma kinachojipinda kidogo ukizungusha usukani, na kule kujipinda ndiko kunakofungua njia ya oili upande unaotaka kwenda. Oili inasukuma, wewe unaelekeza. Ubaya wake ni kwamba hosi zikizeeka zinavuja, na pampu inakula nguvu ya injini hata ukienda moja kwa moja.

Njia ya pili ndiyo imewashika vijana: pawa steringi ya umeme kutoka gari dogo la Kijapani. Vitz ndiyo maarufu, kwa sababu mota yake imekaa kwenye nguzo ya usukani, ndani ya gari chini ya dashibodi, na Vitz zilizovunjwa hazikosekani Nairobi. Pita Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaiita Grogan, utazipata. Hakuna pampu, hakuna hosi, hakuna mkanda. Kuna kitambuzi kinachopima unavyouvuta usukani, kompyuta ndogo na mota. Chumba cha injini kinabaki kilivyokuwa, na ukifanya kazi safi unaweza kurudisha nguzo ya zamani siku ukitaka. Kwa mtu anayejali uorijino, hiyo ni faida kubwa kuliko watu wanavyokiri.

Ukienda kununua, usinunue mota peke yake. Chukua nguzo nzima, kompyuta yake, na plagi zikiwa na waya mrefu, pamoja na waya mnene wa umeme na fyuzi yake. Muuzaji akikuambia kompyuta utaipata pengine, endelea kutembea.

Pia usitarajie muujiza. Reki au boksi yako ya zamani ilitengenezwa na meno ya polepole ili kupunguza uzito, kwa hivyo utazungusha usukani mara zile zile ulizokuwa ukizungusha. Itakuwa laini, lakini haitakuwa Subaru.

Hapa ndipo watu wanacheza na maisha

Nguzo ya Vitz haiwezi kuingia kwenye 504 bila kuunganishwa na shafti ya chini. Urefu ni tofauti, meno ni tofauti. Na hapo ndipo fundi wa haraka anachukua vipande viwili vya chuma, anavigonganisha, anavichomelea, anapaka rangi nyeusi na kukuambia "hiyo ni imara kuliko ya kiwanda."

Kataa. Msee mmoja wa mtaani kwetu alifanyiwa hivyo kwa Corolla KE70. Usukani ulikuwa laini, kila mtu akasifu. Miezi michache baadaye, gari likiwa limeinuliwa kwa kazi ya breki, fundi mwingine akaona ufa umezunguka karibu nusu ya pale palipochomelewa. Alikuwa akiliendesha Thika Road kila siku. Chuma kilichochomelewa vibaya hakitoi onyo wala hakipigi kelele. Siku ikifika, unazungusha usukani na gari linaendelea pale lilipokuwa likienda.

Njia sahihi ipo. Kuna jointi za krosi zenye meno ya upande mmoja kama ya nguzo mpya na upande wa pili kama ya shafti yako, zinazobanwa kwa bolti inayopita kwenye mkato wa shafti ili isiweze kuteleza. Kama haipatikani, mtu wa lathe anaweza kukata kiunganishi kutoka chuma kizima. Na kama kuchomelea hakuepukiki, basi vipande viingiane kwanza, kimoja ndani ya kingine, na kazi ifanywe na mtu wa kuchomelea aliyefuzu kazi hiyo, si kijana aliyekuwa akitengeneza geti asubuhi. Angalia pia pembe za jointi. Zikikunjwa sana, usukani utakuwa unashika na kuachia kila mzunguko.

Jambo la pili ni umeme. Mota hii ikifanya kazi ngumu, kama kugeuza gari lililosimama, inaweza kuvuta ampea 40 au zaidi kwa muda mfupi. Alitaneta nyingi za miaka ya 70 zilitengenezwa kutoa ampea 35 hadi 50 hivi kwa gari zima. Sasa fikiria usiku, mvua, taa zimewaka, waipa inapiga, uko kwenye jam na injini inazunguka polepole. Betri inaliwa. Badilisha alitaneta kwanza. Na waya wa mota utoke kwenye betri moja kwa moja ukiwa na fyuzi karibu na betri, si kuunganishwa na waya wa redio. Waya mwembamba ukibebeshwa mzigo huo unageuka kuwa hita, na gari la kitambo lina sponji na zulia kavu la miaka 40.

Jambo la tatu ni kasi. Kompyuta ya Vitz hutarajia kuambiwa gari linaenda mbio kiasi gani, ili ipunguze msaada barabara kuu. Gari lako la zamani halina lugha hiyo. Kuna mifumo ambayo ikikosa habari hiyo inakupa msaada wa kiwango kimoja tu, na mingine inagoma. Ukibaki na msaada mwingi kwenye kilomita 100 kwa saa, usukani unakuwa laini kupita kiasi, ukipiga chafya umehama leni. Kuna vidude vidogo vya kuidanganya kompyuta, vyenye kitufe cha kuongeza na kupunguza msaada. Kiwekwe, kisha kirekebishwe kwenye uwanja mtupu kabla ya barabara. Muulize mtu wa alaimenti pia kuhusu kasta, ile pembe inayofanya usukani urudi katikati wenyewe. Magari ya kitambo yalipewa kidogo ili yasiwe mazito. Ukishapata msaada wa mota unaweza kuongeza kidogo, usukani urudi vizuri.

Na umeme ukikatika? Nguzo bado imeungana na magurudumu, kwa hivyo utaendelea kuliongoza gari, ila kwa uzito unaozidi ule wa zamani kidogo kwa sababu unazungusha na mota. Mfundishe kila dereva wa nyumbani hilo. Zima mfumo makusudi uwanjani, aone kunavyokuwa.

Heshima kwa fundi si kumnyamazia

Mimi sikumaliza chuo, na fundi aliyenielewesha kijiti kinachojipinda hakukanyaga chuo. Alichora kwa chaki kwenye sakafu na nikaelewa kuliko mwaka mzima wa noti. Kwa hivyo sisemi jua kali hawajui. Nasema jua kali wanajua, na wanaojua huwa hawakasiriki ukiuliza maswali. Mwambie akuonyeshe kazi ya namna hiyo aliyofanya. Mwambie akuachie shafti bila rangi uione. Anayekuambia "wewe niamini tu" anakuambia kitu kuhusu kazi yake.

Ukimaliza, mwambie mtu wako wa bima. Najua, hakuna anayependa. Lakini ukificha badiliko kubwa kama hili unampa sababu ya kukataa kulipa siku ya ajali. Piga picha za kila hatua, weka risiti za vifaa. Na kama serikali ina nia ya kukagua magari yetu, basi mkaguzi alale chini aangalie shafti ya usukani kwa bidii ile ile anayoangalia vioo na rangi.

Kwa wale wa orijino, sina ugomvi na gari la maonyesho. Kila mwaka kuna magari ya Concours yanayong'arishwa hadi unaona meno yako kwenye bampa, na hayo yaachwe yalivyo. Lakini Pijo ya guka haiendi Concours. Mathe ndiye anayeiendesha sasa, anampeleka guka kliniki ya bega na kurudi na mbolea nyuma. Nguzo ya zamani imefungwa kwa gunia, iko stoo. Anayeitaka orijino anakaribishwa kuja kuirudisha, mradi na yeye awe anapatikana siku za kliniki.